Unawasha indiketa, wa pembeni anaziba: kwa nini tunanyimana njia kwenye foleni za Dar?

#1 — Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Naomba tulizungumze jambo hili kwa utulivu, maana linatuumiza kila siku na tumeshalizoea mpaka hatulioni tena.

Foleni ya jioni, Barabara ya Bagamoyo. Ujenzi wa njia za mwendokasi umebana barabara, njia mbili zinakutana kuwa moja. Dereva wa kushoto njia yake inaishia pale kwenye mapipa na utepe. Kawasha indiketa mapema, gari linatambaa, anaomba kuingia. Wa kulia alikuwa ameacha nafasi ya kutosha gari zima. Akiiona tu ile indiketa, anakanyaga mafuta, nafasi imekwisha. Anayemfuata hivyohivyo. Wa tatu anakaza macho mbele na hageuki kabisa, maana akigeuka watatazamana, na wakitazamana ataona aibu kumnyima.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Wabongo hatuna ustaarabu. Silikubali. Watu haohao wakutane msibani au dukani, utasikia "tangulia mama", "pita mzee wangu". Gari likizima katikati ya barabara, haohao wanashuka kulisukuma bila kuuliza ni la nani. Ustaarabu upo. Sasa unaenda wapi mtu akishaingia kwenye foleni?

Mimi naona mzizi ni kutanua. Umekaa kwenye mstari wako tangu Makumbusho, klachi imekuua mguu, watoto nyuma wamelala na njaa. Pembeni, juu ya udongo, vumbi linatimka: gari linapita foleni nzima, linafika mbele kabisa, kisha linawasha indiketa kwa upole kabisa kuomba kuingia. Roho inauma, na ina haki ya kuuma. Unajisemea, huyu hapiti mbele yangu. Ukimnyima unajiona umetetea haki ya wote waliosubiri.

Tatizo ni kwamba indiketa ya aliyetanua na indiketa ya mtu ambaye njia yake imeisha kihalali zinawaka rangi ileile. Wewe uliye kwenye usukani huwezi kujua yupi ni yupi, hivyo unawafungia wote. Na ukiangalia vizuri, adhabu yako haimfikii uliyemkusudia. Aliyetanua hajali. Bampa lake lina mikwaruzo ya miaka mingi, anaingiza pua na wewe mwenye gari linalodaiwa benki utakanyaga breki. Anayebaki amesimama pale na indiketa yake ni yule mstaarabu anayesubiri aruhusiwe. Kwa hiyo kila siku barabara inamfundisha mstaarabu kwamba adabu haimfikishi nyumbani, na mwaka ujao naye atatanua.

Linalofuata mnalijua wote: "Ukimwachia mmoja, wanapita kumi." Hofu hii si ya kubuni. Unasimama kidogo umpishe mmoja, nyuma yake kuna Noah, nyuma ya Noah kuna bajaji tatu, na wote wanaichukulia huruma yako kama lango lililoachwa wazi. Hakuna anayejua zamu yake inaishia wapi. Mtu akishafanyiwa hivyo mara kadhaa anajifunza kutofungua kabisa.

Sasa tupige hesabu, maana wengi wetu tunadhani kumwachia mtu ni hasara kubwa. Njia moja ya barabara inayotiririka vizuri hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa. Gawanya, utapata gari moja kila sekunde 2. Foleni ikitambaa kwa kilomita 5 kwa saa, gari moja pamoja na nafasi yake hushika kama mita 7 za barabara, na mita hizo unazimaliza kwa sekunde 5 hivi. Hiyo ndiyo bei ya kumwachia mtu mmoja: sekunde 2 mpaka 5. Waachie watu kumi kutoka Mwenge hadi Tegeta, hujafikisha hata dakika moja.

Linganisha na kinachotokea ukimnyima. Haondoki, kwa sababu hana pa kwenda. Anaingiza pua, gari linakaa mshazari, mkia umebaki kwenye njia ya kushoto. Njia mbili zimezibwa kwa mpigo. Na pale mdomoni, barabara inapobanwa, ndipo panapoamua magari mangapi yatapita kwa saa. Kila sekunde ambazo wawili wanabishania nafasi pale, hakuna gari linalopita, na sekunde hizo hazirudi tena. Wanaozilipa ni wote walioko nyuma.

Kuna na macho kutudanganya. Mwaka 1999 daktari wa Kanada Donald Redelmeier na mwanatakwimu Robert Tibshirani waliandika katika jarida la Nature kuhusu madereva kuamini kwamba njia ya pembeni inakwenda haraka kuliko yao, hata pale ambapo mwendo wa wastani ni sawa. Sababu yao ni rahisi kuielewa. Unapowapita wengine, unawapita wengi kwa mkupuo mfupi na wanapotelea nyuma. Unapopitwa, unapitwa kwa muda mrefu, mmoja mmoja, na waliokupita wanabaki mbele ya macho yako. Mwisho wa safari kumbukumbu yako imejaa watu waliokupita. Ndiyo maana anayeomba kuingia kutoka njia ya pili tunamwona ameshafaidi huko alikotoka na sasa anataka kufaidi na huku.

Nawasilisha. Naomba hasa madereva wa kazi waseme, maana wao wanakaa barabarani kuliko sisi.

#2 — Suka wa Gongo la Mboto

Mkuu umeongea, ila ngoja na sisi tusikike. Daladala tunatukanwa sana kwa kuchomekea. Nikuulize: nikitoka kituoni nimeshusha abiria, naweka indiketa, nani ananipisha? Hakuna. Nikisubiri kupishwa nitalala pale kituoni. Ndiyo maana konda anatoa mkono dirishani, anagonga bodi, nami naingia. Sifurahii, lakini tajiri jioni anataka hesabu yake, na hesabu haijui kama kulikuwa na foleni TAZARA. Tripu moja ikipotea ni mafuta na posho ya konda vimepotea.

Halafu kuna kitu hujakigusa. Sisi kwa sisi tunapishana. Suka wa njia yetu akiwasha indiketa namwachia papo hapo, naye kesho ananiachia. Kwa nini? Namjua. Jioni tunakutana kijiweni. Nikimbana leo, kesho nitakuwa mimi ninayeomba. Lakini wewe mwenye gari ndogo na vioo vya giza, sikujui, hunijui, hatutaonana tena. Nikikuachia hunikumbuki, nikikunyima hunikumbuki.

#3 — Dada wa Vitz

Naunga mkono, na niongeze upande wa wanaonyimwa zaidi. Gari ndogo haipishwi. Nikiwa na Vitz yangu naomba njia kuanzia Sayansi. Siku nimeazima gari la kaka yangu, lile kubwa lenye bampa la chuma mbele, naweka tu indiketa, watu wanapisha wenyewe. Mtu ni yuleyule. Na wakigundua ni mwanamke ndiye anayeendesha, kuna wanaoona kumpisha ni kushindwa, na kuna wanaofungua kioo kabisa ili watukane.

Lakini nataka kuwatetea kidogo wanaonyima, maana na mimi kuna wakati sifungui nafasi. Sio roho mbaya. Kwanza, nikisimama kumpisha mtu, wa nyuma yangu ananipigia honi mpaka nachanganyikiwa. Yule ninayempisha ananishukuru kwa sekunde moja, ila wa nyuma atanisumbua mpaka Mbezi Beach. Pili, nikiacha nafasi bodaboda wanapita humohumo, sijui nani anatokea kushoto, nani kulia, na bima yangu ni ndogo, mtu akinikwangua nalipa mwenyewe. Tatu, jioni kwenye foleni mtu wa jinsia yangu hataki kusimama simama hovyo. Simu zinaporwa dirishani, vioo vya pembeni vinang'olewa gari likiwa limesimama. Mimi naona wengi wanaobana wana hofu, ila kwa nje inaonekana kiburi.

#4 — Dereva wa Semi

Shikamooni wakubwa. Mimi navuta semi kutoka bandarini, Barabara ya Mandela naijua shimo kwa shimo.

Ile nafasi mnayoiona mbele yangu sijaisahau pale. Ni ya breki. Nikiwa na mzigo wa tani karibu thelathini siwezi kusimama kama Vitz ya dada hapo juu. Naiacha nafasi, linaingia gari dogo. Napunguza mwendo kidogo kuitengeneza tena, linaingia lingine. Mpaka nafika Buguruni nimeshawapisha watu wengi na bado hakuna aliyeniona kama mstaarabu, wanasema lori linachelewesha.

Sasa nikitaka mimi kuhama njia, hapo ndipo utajua watu. Gari langu ni refu, likianza kuhama haliwezi kukata mara moja. Nawasha indiketa, wanaiona, na wanaongeza mwendo ili wapite kabla sijahama. Wanaingia kwenye ubavu wa kushoto ambako kwenye kioo siwaoni kabisa. Tunakaa upande wa kulia, kushoto kwa lori ni giza. Jamani, hiyo ya kukimbilia kupita lori lililowasha indiketa acheni. Mtu anakufa kwa kuokoa urefu wa gari moja.

#5 — Mleta uzi

Asanteni, mmeleta mambo ambayo sikuyafikiria.

@Suka, hilo la kujuana ni zito. Kuna jaribio la mwaka 1960 la wanasaikolojia wa Marekani, Morton Deutsch na Robert Krauss, ambalo nikilisoma naiona foleni yetu kabisa. Waliwaweka watu wawiliwawili wacheze mchezo wa kampuni mbili za malori. Kila mmoja ana njia ndefu ya kuzunguka na njia fupi, lakini kipande cha njia fupi kinapitisha lori moja tu kwa wakati, na kuchelewa ni hasara. Walipokuwa hawana silaha yoyote, wengi walijifunza kupokezana na kwa jumla wakapata faida. Mmoja alipopewa geti la kumfungia mwenzake, faida ikageuka hasara. Wote wawili walipopewa mageti, hasara ikawa kubwa kuliko zote. Kila mmoja alikuwa na uwezo wa kumzuia mwenzake, akautumia, na wote wakachelewa.

Bampa la mbele ndilo geti letu. Kila mtu analo. Nyie wa daladala mmeweza kuacha kulitumia ninyi kwa ninyi kwa sababu kesho ipo. Sisi wengine, kila foleni ni kama mara ya kwanza na ya mwisho kukutana.

@Dereva wa Semi, marahaba, na nafasi yako inatusaidia kuliko tunavyojua. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambamo magari 22 yalizungushwa kwenye duara la mita 230. Hakuna taa, hakuna makutano, hakuna anayehama njia, madereva wameambiwa tu waende mwendo sawa, kama kilomita 30 kwa saa. Baada ya muda foleni ikazaliwa yenyewe. Mmoja anapunguza kidogo, wa nyuma anapunguza zaidi, wa nyuma yake anasimama kabisa, na kusimama huko kunarudi nyuma gari hadi gari. Anayeacha nafasi na kutambaa bila kusimama anaumeza ule mshtuko. Anayebana bampa kwa bampa anaupokea na kuupitisha ukiwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo anayeziba nafasi ili mtu asiingie, hata kama amefanikiwa kumzuia, ameshawasimamisha walio nyuma yake.

@Dada, la honi za nyuma nimelibeba. Ni kweli tunamhukumu anayebana bila kujua nyuma yake kuna nani.

#6 — Wa Roysambu

Habari zenu ndugu, nachangia kutoka Nairobi. Nikisoma huu uzi ni kama mnaongelea kwetu. Huku ni kuovalap: gari inatoka leni yake, inaingia leni ya wanaokuja, inapita foleni yote, halafu mbele inataka kujipenyeza. Anafuatwa na matatu, matatu inafuatwa na wengine kumi. Baadaye magari ya pande zote yanakutana ana kwa ana, hakuna wa kurudi nyuma, na barabara imekufa mpaka saa nne usiku.

Lakini kuna kitu huwa kinanipa moyo. Mvua ikinyesha na mataa yakizima, utaona mtu wa kawaida tu anashuka kwenye gari, pengine ana mwavuli, anasimama katikati ya makutano na kuanza kupanga magari. Wewe pita, wewe ngoja. Hana kofia ya polisi wala kitambulisho. Na madereva wanamtii! Wale wale waliokuwa wakibanana sekunde tano zilizopita. Hapo nilielewa kwamba watu hawapendi kubanana. Wanataka tu kuwa na hakika kwamba wakisubiri, zamu yao itafika.

#7 — Mbongo Ughaibuni

Niko Ujerumani, nichangie la huku. Hapa jambo hili halikuachwa kwenye huruma ya dereva, liko kwenye sheria ya barabarani. Njia ikiisha, magari yanatumia njia zote mbili mpaka pale inapoishia, halafu yanaingia mmoja wa huku, mmoja wa kule, kama meno ya zipu. Aliye kwenye njia inayoendelea ni lazima ampishe mmoja. Mmoja tu. Ukishampisha huyo, zamu ni yako, na wa pili anapishwa na aliye nyuma yako.

Faida niliyoiona ni kwamba anayekwenda mpaka mwisho wa njia haonekani mjanja, kwa sababu ndivyo sheria inavyomtaka afanye. Na anayempisha haonekani mnyonge. Ule uchungu wa kuibiwa ambao mleta uzi ameusema unaisha, kwa kuwa hakuna aliyeibiwa.

Marekani nako, jimbo la Minnesota limekuwa likiwahimiza madereva wafanye hivyo kwenye maeneo ya ujenzi, na idara yao ya uchukuzi inasema urefu wa foleni unaweza kupungua hadi asilimia 40, kwa sababu njia zote mbili zinajazwa badala ya watu wote kujipanga mstari mmoja mrefu huku wa pili uko mtupu. Uingereza nao mwongozo wao wa madereva unashauri kupishana kwa zamu pale mwendo ukiwa mdogo.

Msidhani huku ni malaika. Wapo wanaokimbilia kuhama mapema mno, na wapo wanaoziba wakiona mtu amekuja mpaka mwisho. Lakini mwenye haki anajulikana.

#8 — Nimechoka na Foleni

Wakuu samahani, nitapingana. Hizo zipu ni za Ulaya. Hapa nimekaa Kimara saa nzima, mtu anakuja na udongo, unataka nimpishe? Nikimpisha nimemwambia atanue na kesho. Nikibana, angalau mmoja ameonja uchungu. Mleta uzi unatuambia tuwe wapole ili wajanja wafaidi. Mimi nitabana mpaka serikali itakapowakamata.

#9 — Mleta uzi

Mkuu @Nimechoka, hujakosea kukasirika, na sijasema mpishe anayetoka kwenye udongo. Hapo tuko pamoja. Bega la barabara si njia, na anayeendesha juu yake anawahatarisha watembea kwa miguu na mama lishe walioko pembeni. Ninachosema ni kwamba unaweza kuwatenganisha kwa kutazama mahali. Mtu ametoka kwenye njia iliyochorwa, njia yake imeisha kwenye mapipa au inageuzwa kwa lazima: huyo ana haki ya zamu, mmoja kwa mmoja. Mtu ametoka nje ya mstari wa pembeni: huyo huna deni naye. Ukiwafungia wote kwa pamoja, unamchoma asiyehusika.

Na iko hali moja ambayo ningekuomba umwachie hata huyo wa udongo: akishaingiza pua na kukaa mshazari. Hapo ushindi wako ni wa sentimita, na nyuma yako njia mbili zimesimama. Mwache apite ili barabara ifunguke. Sipendi kusema hivyo, ila kumuadhibu ni kazi ya trafiki, na zaidi ni kazi ya waliojenga barabara. Angalia penye ukingo mrefu wa zege: hakuna anayetanua, kwa sababu hapatanuliki. Penye bega la udongo lililo sawa na lami, hata umuweke trafiki, akigeuka tu wanapita. Mkandarasi anayebana barabara kwa ujenzi angeweka kibao mita mia kadhaa kabla, "njia inaisha, pishaneni mmoja mmoja", na mapipa yaliyopangwa kwa mshazari, yakibana njia kidogo kidogo badala ya kuimaliza ghafla, nusu ya ugomvi ungekwisha. Sasa hivi mtu anagundua njia imeisha akiwa ameshaifikia. Mgeni wa mji, au aliyekuwa nyuma ya lori asione mbele, anaonekana mjanja kumbe ametekwa na barabara.

Hilo la kuchora mistari nalo msilidharau. Kuna vipande vya barabara ambapo rangi imefutika kabisa, magari manne yanakwenda sambamba mahali pa mawili. Pasipo na mstari, kila mmoja anaamini yeye ndiye aliye kwenye njia yake na mwenzake ndiye anayemvamia.

#10 — Muuguzi wa zamu

Nimesita kuandika lakini nitaandika. Nimewahi kukaa nyuma ya gari la wagonjwa na mama mjamzito aliyekuwa anavuja damu, king'ora kinalia, na magari hayasogei. Wengi walitaka kusogea. Niliona wanavyohangaika na usukani. Lakini walikuwa wamebanana bampa kwa bampa, hakukuwa na inchi ya kwenda kushoto wala kulia. Hata anayetaka kuwa mwema alikuwa hana nafasi ya kuwa mwema.

Na wale wachache waliofungua walifunga haraka, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na magari binafsi yanatufuata ili yapite kwa mgongo wa mgonjwa. Ndugu zangu, hilo mnalolifanya la kufuata gari la wagonjwa ndilo linalowafanya wengine wasifungue siku nyingine.

#11 — Mbongo Ughaibuni

Pole sana dada muuguzi. Huku kwenye barabara kuu, foleni ikianza tu kusimama, kabla hata king'ora hakijasikika, walio njia ya kushoto kabisa wanasogea kushoto, wengine wote wanasogea kulia, katikati panabaki uchochoro. Ni sheria, na tangu 2017 faini yake inaanzia euro 200. Kinachowezesha ni hicho ulichokisema: hawakubanana tangu mwanzo.

#12 — Suka wa Gongo la Mboto

Dada muuguzi umenigusa. Hilo nitalisema kijiweni, maana wanaofuata ambulensi na sisi tumo.

#13 — Dada wa Vitz

Mleta uzi, umetuambia vizuri namna ya kupisha. Sasa niambie namna ya kuomba, maana mimi ndiye ninayenyimwa.

#14 — Mleta uzi

Dada, nikuambie nilichojifunza kwa kukaa na madereva waliobobea.

Indiketa iwake mapema, na ikishawaka usisogee upande papo hapo. Wengi wanawasha na kukata usukani kwa pamoja, na anayeona hivyo anashtuka, na akishtuka anaziba. Mpe muda wa kuamua mwenyewe kukupisha. Mtu aliyeamua hasikii kwamba amenyang'anywa.

Usimwombe aliye sambamba nawe, huyo ameshafika. Mwombe aliye nyuma yake. Mtafute kwenye kioo, na kama ni salama shusha kioo cha dirisha kidogo, mtazame, inua mkono. Vioo vya giza na viyoyozi vimetuondolea nyuso, mtu anadhani anabishana na bati. Akikuona uso, inakuwa vigumu kwake kukunyima. Ndiyo maana yule wa tatu niliyemtaja mwanzo hageuzi shingo.

Asipokupisha, usimfuate wala usimkoromee, mwache, mwombe anayefuata. Na ukitaka kuhama njia kwa sababu tu ile nyingine inaonekana inakwenda, tulia. Kumbuka yale macho yanayodanganya. Ombi lako litunze kwa pale unapolihitaji kweli.

Akikupisha, washa hazadi mara mbili tatu. Suka alisema hatukumbukani, na ni kweli, lakini aliyeshukuriwa sasa hivi ana uwezekano mkubwa wa kumpisha mwingine makutano yanayofuata kuliko aliyepisha kisha akaonekana mjinga. Kuhusu kupiga taa kali za mbele, tahadhari: kuna anayepiga akimaanisha "pita", na kuna anayepiga akimaanisha "usithubutu, nakuja". Usiingie kwa taa peke yake, subiri uone gari lake limepunguza.

#15 — Dereva wa Semi

Niongeze moja kwa dada. Ukishaingia mbele ya lori, usikanyage breki hapohapo. Sogea mbele kwanza, ndipo upunguze. Wengi wanaingia vizuri, wanashukuru vizuri, kisha wanasimama mita mbili mbele ya pua yangu. Dereva wa lori aliyefanyiwa hivyo asubuhi hatafungua tena mpaka jioni.

#16 — Nimechoka na Foleni

Sawa, hilo la mmoja kwa mmoja nitalijaribu kwenye mapipa. Kwenye udongo bado sipishi.

#17 — Mleta uzi

Tumeelewana, mkuu.